Flashi inaitikia lakini haionekani, nisaidieni kabla sijaifomati

MamaSteshenari
Mbukwenyi ndugu zangu. Nina kaduka ka steshenari hapa Kibaigwa, jirani na soko la mahindi. Natoa kopi, nachapa barua, CV na mikataba ya kuuziana mashamba. Kazi zote za wateja nimeziweka kwenye flashi moja nyekundu ya 16GB, nimeifunga kamba ya kiatu isije ikapotea. Jana asubuhi nimeichomeka, kompyuta ikatoa ule mlio wake, taa ikawaka, kufungua ndani naona C na D, flashi haimo. Nimechomeka na kuchomoa mpaka mkono umechoka. Nimejaribu tundu la mbele na la nyuma, nimezima na kuwasha, wapi! Ajabu ni kwamba kwenye laptopu ya mwanangu inafunguka vizuri. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 7, msinicheke. Na kuna mzee anautaka mkataba wake wa shamba leo saa kumi.

KijanaWaNkuhungu
Ifomati tu mama, itakaa sawa.

FundiMakole
Mama, huyo usimsikilize. Ukifomati kila kitu kinafutika, mzee utamwambia nini? Kwanza kanakili kila kitu kwenye laptopu ya mtoto, sasa hivi, haya mengine utayasoma baadaye.

Umeshanakili? Haya. Flashi yako ni nzima. Ule mlio maana yake kompyuta imeipokea, tatizo liko kwenye herufi. Kila diski Windows huipa herufi yake, na isipokuwa nayo, wewe huioni hata kama imo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye diski zote. Itafute ya karibu 15GB (16 ya kwenye boksi haifiki 16 kwenye kompyuta, usishtuke). Ukikuta "Healthy", bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi ya mbali, mfano U. Ukikuta "RAW" (yaani Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa ndani) usiguse kitu, rudi hapa. Ingekuwa "No Media" (yaani kompyuta haioni sehemu ya kuhifadhia) ningekupa pole tu, ila kwa kuwa laptopu inaisoma, siyo hiyo.

Halafu nijibu: wiki hii mmeunganisha kitu gani kipya?

UpepoWaAreaD
Mimi yangu ilikuwa vumbi. Na huu upepo wetu wa Dodoma, tundu la mbele lilikuwa limejaa kama shimo la panya. Nilizima kompyuta, nikasugua kwa mswaki mkavu, ikakubali. Ila yangu ilikuwa kimya kabisa, haikutoa hata mlio, kwa hiyo mama hilo huenda si lako.

MamaSteshenari
Jamani! Kuna kijana Jumamosi alituunganishia kompyuta mbili ili zote zichape kwenye printa moja, akatuwekea na folda ya pamoja. Ile folda inaonekana kama F. Nimeingia huko uliponielekeza Fundi, flashi nayo imeandikwa F! Nimeipa U, imefunguka hapo hapo. Mzee kachukua mkataba wake, akaanza kulalamika kwamba karatasi ni nyembamba.

FundiMakole
Basi ndiyo hiyo. Windows za zamani zikitoa herufi huangalia diski zilizochomekwa kwenye kompyuta yenyewe, folda ya mtandao hazijali. Flashi ikapewa F, folda nayo ilishaikalia F, ikaonekana folda peke yake. Lakini mama, hujamaliza. Kila mteja atakayeleta flashi yake itaangukia F hiyo hiyo, nawe hutabadilisha herufi za mji mzima. Iondoe ile folda kwenye F, iunganishe upya kwa Z. Na hizo kazi za wateja weka nakala kwenye D, usitegemee kamba ya kiatu.

KijanaWaNkuhungu
Nimeelimika mkuu. Mama nisamehe.

MamaSteshenari
Nimekusamehe, ila dukani kwangu usiguse kitu. Fundi, folda nimeihamishia Z. Kuna mwalimu flashi yake iligoma jana nikamrudisha, leo kaja tena na imefunguka bila shida. Faili zote zimegeuka njia za mkato na yenyewe imejaa virusi, lakini kesho nitawafungulieni uzi mwingine.