Kurekebisha makosa yote kwa mkupuo: umahiri au uvivu?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Unafungua mradi wa programu, kihariri cha msimbo kinakutolea maonyo 140 ya aina moja. Unabofya ile balbu ya njano, unaulizwa: urekebishe hapa tu, faili zima, au mradi mzima? Visual Studio, kihariri cha Microsoft, ina kitu hiki tangu toleo la 2015, na timu bado zinagombana.

Kwa `using` zisizotumika (mistari ya C# inayoita maktaba ambazo msimbo hauzihitaji), mimi nabofya mradi mzima na sijutii. Kufuta moja moja mara 140 si umakini, ni kujitesa tu, na mkono ukichoka ndipo unapofuta kisichostahili. Marekebisho yanayogusa maana ya msimbo ndiyo ninayoyapinga.

Yalitukuta kwenye JavaScript. Palikuwa na `if (bei == null)`, na hizo alama mbili (`==`) hukamata `null` (thamani tupu) na `undefined` (thamani isiyojazwa) kwa pamoja. Mwenzetu akatafuta zote, akazigeuza kuwa tatu (`===`, zinazodai usawa kamili) kwa mara moja. Maonyo yakaisha, msimbo ukapendeza. Kumbe `undefined === null` si kweli, kwa hiyo oda zisizo na bei zikaanza kupita kimyakimya. ESLint yenyewe, chombo cha kukagua msimbo wa JavaScript, hapo inasita: kanuni yake ya `eqeqeq`, inayodai alama tatu, hurekebisha bila kukuuliza pale tu pasipo na hatari, mfano penye `typeof`, inayotaja aina ya thamani. Kwingine inakuachia wewe. Chombo kinasita, wewe haraka ya nini?

Na msiniambie habari ya majaribio. Yetu yalipita yote. Hakuna aliyewahi kuandika jaribio la bei isiyojazwa.

Jibu: Mkuu, unaulaumu mkupuo bure. Kigeuzi cha tafuta-na-badilisha hakijui msimbo, kinajua herufi tu. Usikiweke kapu moja na balbu. Halafu mkupuo mmoja uwe komiti moja (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git, kitunza historia ya msimbo), isichanganywe na kazi nyingine. Ikiharibika, unaitengua yote. Wanaolia kwamba `git blame`, amri inayoonyesha nani alibadili kila mstari, itawataja wao kila mahali, Git tangu 2.23 inakubali orodha ya komiti za kurukwa.

Mleta mada: Hilo la herufi umenishika, nakubali. Komiti peke yake pia sawa. Ila ikiwa na faili 60, nani anaisoma kweli? Ile yetu ilipitiwa na mtu, tena mzoefu. Aliidhinisha ndani ya dakika mbili.