MJADALA: Asiye mkazi wa jimbo afunguliwe mlango wa kuomba kibali cha bastola, au kibali kimoja kitambulike Marekani nzima?

Mleta mada

Wakuu, mada hii inatugusa wengi tulioko Marekani, hasa ndugu zetu wa malori ambao leo wako Texas na keshokutwa wanashusha mzigo New Jersey. Mtu ana kibali halali cha kubeba bastola iliyofichwa mwilini, kakipata kwenye jimbo lake. Akivuka mpaka tu, anageuka mhalifu?

Mara nyingine ndiyo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, anayelea watoto peke yake, alisimamishwa New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Mwenyewe akamweleza askari kwamba ana bastola na kibali cha Pennsylvania. New Jersey haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Akawekwa ndani, akakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua mitatu. Msamaha wa Gavana Chris Christie ulikuja Aprili 2015. Yule mama hakumtishia mtu, alisema ukweli, na sioni kabisa haki iliyotendeka pale.

Msimamo wangu ni kwamba kila jimbo lipokee maombi ya asiye mkazi kwa masharti na ada zile zile za mkazi. Katika kesi ya Bruen, Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba kubeba silaha nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba. Haki ya namna hiyo haiwezi kutegemea anwani ya mtu. Jiji la New York lilianza kupokea maombi ya watu wa nje ya jimbo mwaka 2024, tena baada ya kushtakiwa. Massachusetts nayo, Machi 2025, mahakama yake ya juu ilisema mfumo wa zamani uliowaachia maofisa kumnyima mtu wa nje kwa utashi wao ulivunja katiba, ila mfumo mpya wa kumpa kila anayetimiza masharti ni halali. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Illinois ndiyo inayonikera: usipotoka kwenye majimbo machache yenye sheria zinazofanana na za Illinois, fomu hupewi. Mkazi wa Wisconsin mwenye kibali cha kwao anaruhusiwa kuwa na bastola ndani ya gari lake akiwa Chicago, lakini akishuka nayo mwilini kavunja sheria.

Ila siungi mkono mswada wa kulazimisha majimbo yote yatambue vibali vyote. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Desemba 2017 kwa kura 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti, na mwaka 2025 umerudishwa. New York inadai saa 16 za darasani na saa mbili za kulenga shabaha kwa risasi za kweli. New Hampshire haidai mafunzo yoyote. Utah inadai kozi, lakini si lazima ufyatue hata risasi moja, na unaweza kuisoma ukiwa jimbo lingine kabisa. Tukiupitisha mswada ule, jimbo lenye masharti mepesi kuliko yote ndilo litakaloamua nani anatembea na bastola kwenye mitaa ya New York.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo kwenye mswada sikuungi. Leseni yangu ya udereva ya Ohio inanifikisha California bila mtu kuniuliza kozi niliyosoma. Unataka dereva wa lori ajaze fomu na kulipa ada majimbo kumi? Huyo ni mtu wa kipato cha kawaida, atashindwa. Halafu polisi, hata waliostaafu, tangu 2004 wana sheria ya kubeba silaha nchi nzima. Raia wa kawaida ndiye apange foleni?

Mchangiaji wa pili

Mimi nipo Chicago na nasema Illinois ina haki ya kujua nani anaingia na silaha. Kama jimbo la mtu halitoi taarifa za kesi zake wala za afya ya akili, huku watamkagua kwa kutumia nini?

Mleta mada

Dada, hoja yako ni nzito, lakini dawa yake ni kumtaka mwombaji mwenyewe alete taarifa hizo. Kumfungia mlango mtu asiye na doa kwa sababu jimbo lake halitumi taarifa ni kumwadhibu kwa kosa la serikali yake.

Mkuu wa Ohio, majimbo yalikubaliana yenyewe kutambuliana leseni za udereva, na wakili wa Ohio hasimami mahakamani California kwa leseni ya Ohio. Hilo la gharama nakubali linauma. Lakini angalia sheria ya shirikisho inayokataza silaha maeneo ya shule, futi 1,000 kuzunguka shule. Katazo hilo linamwachia mwenye kibali kilichotolewa na jimbo ambalo shule hiyo ipo. Kibali cha Utah kinachotambuliwa na jimbo jingine hakikulindi ukipita na bastola imejazwa risasi karibu na shule ya jimbo hilo. Ndiyo maana napigania mlango wa kuomba hapo hapo unapopita.

Kwa wa malori: kwenye majimbo usiko na kibali, sheria ya shirikisho ya 1986 inakuruhusu kupita tu, kama silaha ni halali unakotoka na unakokwenda. Bastola iwe haina risasi, na kwa kuwa lori halina buti, bastola na risasi zake viwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, si kwenye droo ya dashibodi. Na wenye visa ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Wenye grinkadi wanaweza kuomba.