Bei ya hina na singo majumbani kwa wateja

Assalaam aleikum dada zangu,

Nipo Coventry, Uingereza. Tangu Idi iliyopita nabeba mkoba wangu na kuwafuata wateja majumbani: hina, singo ya kusugua mwili, nyusi kwa uzi. Hina ya mikono na miguu natoza pauni 35, popote nitakapoitwa. Simu hazikatiki, ila mwisho wa mwezi sioni kitu. Nikipandisha bei naogopa watasema nimewageuka. Na zaidi ya kuweka stetasi, nijitangazeje?

—

Waaleikum salaam mdogo wangu,

Pesa yako inapotelea njiani. Tuseme umeitwa Leicester, kwenda na kurudi kama maili 50. Watu wa kodi wanakubali uhesabu peni 45 kwa maili, kwani ndani yake mna petroli, matairi, sevisi na bima. Hizo ni pauni 22.50 hata koni hujaikata ncha. Kuchora saa mbili, barabarani saa mbili. Kwa kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, ni pauni 48.84. Jumla 71.34, na hina yenyewe bado. Wewe umechukua 35!

Mimi nimetenga bei ya kazi na bei ya safari. Maili 5 za mwanzo sitozi. Zaidi ya hapo mteja anajua gharama kabla sijatoka nyumbani. Mbali siendi kwa mtu mmoja. Namwambia mwenyeji akusanye wenzake wanne, nauli wagawane. Hapo ndipo nilipoanza kuona faida. Bi harusi anatanguliza arbuni, nusu ya bei. Mkesha wa Idi sipandishi bei, naona vibaya. Napunguza michoro tu, ua moja la kiganjani, wengi wapate.

Picha usipige pale unapobandua hina. Rangi ya chungwa ya siku ya kwanza haivutii mtu. Mwombe mteja akupigie picha siku ya pili, mkono karibu na dirisha, hina ikishaiva. Omba ruhusa kabla ya kuirusha, na iwe mikono tu. Kwenye ukurasa wa biashara wa Google unaweza kuweka miji unayofika bila kuonyesha anwani ya nyumbani.

Halafu piko, ile inayoitwa hina nyeusi. Utaombwa sana, kataa. Mara nyingi huwa na PPD, dawa ambayo sheria hapa inairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, si kwenye ngozi. Binti yangu alipakwa harusini, malengelenge yakafuata mistari ya ua, petali kwa petali. Mpaka leo hawezi kutia rangi nywele. Andika juu kabisa ya orodha yako ya bei: sipaki piko.

—

Nami niongeze: bima ya kawaida ya gari mara nyingi haigusi safari za kazi, waulizeni watu wa bima. Mapato (si faida) yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, jiandikishe kwa watu wa kodi kufikia 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha. Na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata kwa hina ya Idi.

—

Ahsanteni sana. Jumamosi nina mteja mjini Rugby. Nimempigia sasa hivi nikamtajia nauli. Kanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wifi zake wawili nao wanaweza kuja.