Kiangika na Kibajjika: matawi ya Kimaithili au lugha zinazojitegemea?

Mleta mada:
Wakuu, tazameni sensa za Nepal. Mwaka 2001 Kimaithili kilikuwa lugha mama ya asilimia 12.3 ya Wanepali. 2021 ni asilimia 11 na kidogo. Kibajjika, ambacho 2001 kilitajwa na watu wasiofika laki mbili na nusu, 2021 kimevuka milioni 1.1. Sidhani kama kule Rautahat na Sarlahi, wilaya za kusini mwa Nepal, watu wameanza kuongea kitu kipya majumbani. Kilichobadilika zaidi ni jibu wanalompa karani.

Kwa wageni wa mada: Mithila ni tambarare za kaskazini mwa Bihar, India, hadi Janakpur upande wa Nepal. Mkataba wa Sugauli wa 1816 uliigawa kati ya Nepal na Waingereza. Lugha yake, Kimaithili, ni kongwe. Nathari ya Jyotirishwar Thakur ni ya karne ya 14, kisha akaja mshairi Vidyapati na nyimbo zake za mapenzi ya Radha na Krishna. Washairi wa Bengal walizipenda hadi wakazusha lugha nzima ya kumuiga, Brajabuli, na hata Tagore, mshairi mkubwa wa Kibengali, aliitungia mashairi ujanani. Wafalme wa Malla huko Kathmandu nao waliandika tamthilia kwa Kimaithili.

Msimamo wangu: Kiangika cha Bhagalpur, huko Bihar, na Kibajjika ni matawi ya shina hilo. Grierson, aliyesimamia uchunguzi wa lugha za India enzi za ukoloni, aliviweka humo. Kimaithili kilihesabiwa kama Kihindi miaka mingi, kikaingia Jedwali la Nane la katiba ya India, yaani orodha ya lugha zinazotambuliwa, kwa marekebisho ya 2003. Tukianza kukimega leo, anayefaidi ni Kihindi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, huyo Grierson ndiye aliyekiweka Kimaithili chenyewe chini ya kitu alichokiita Kibihari, pamoja na Kimagahi na Kibhojpuri. Wamaithili hawajawahi kulikubali hilo. Sasa iweje akikupa awe shahidi, akikunyima awe mkoloni?

Halafu tuulizane Kimaithili "sanifu" ni cha nani. Ni cha Mabrahmin na Makayastha, watu wa tabaka za juu, wa Darbhanga na Madhubani huko Bihar. Kitenzi chao hubeba heshima ya mtenda na ya mtendwa pia: ukisema umemwona mtu, mwisho wa kitenzi unaonyesha kama uliyemwona ni wa kuheshimiwa au wa kawaida. Ni ufundi mtamu, sibishi. Lakini watu wengi wa tabaka za chini hawazitumii ngazi zote hizo, na malipo yao yamekuwa kuambiwa wanaongea ovyo. Mtu uliyemcheka usemi wake miaka yote, leo unamtaka akuongezee idadi?

Isitoshe, 2021 Tume ya Lugha ya Nepal ilipendekeza Kimaithili, Kibhojpuri na Kibajjika, vyote vitatu, vitumike serikalini katika jimbo la Madhesh, lenye Rautahat na Sarlahi. Kibajjika kimeshapata kiti.

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania idadi ya watu, na Tirhuta, hati ya asili ya Kimaithili, je? Wamaithili wenyewe waliiacha wakahamia Devanagari, hati ya Kihindi, hakuna Mbajjika aliyewalazimisha.

Mleta mada:
Ya hati ni kweli, ila fungua uzi wake.

Mchangiaji wa kwanza, dharau ya Darbhanga siitetei. Dawa yake ni kuwaandikia watoto vitabu vya shule kwa usemi wa kwao, viitwe Kimaithili, bila kumsahihisha mtu kitenzi. Unavyotaka wewe, kila wilaya iliyodharauliwa ijitangazie lugha, kisha ikapambane peke yake na Kihindi shuleni. Oktoba 2024 India ilizipa Kibengali na Kiassam hadhi ya lugha za kale, Kimaithili kikaachwa nje pamoja na Vidyapati wake wote. Kama huyu mwenye fasihi ya miaka mia saba anaachwa, niambie Kiangika kitaingilia mlango gani Delhi.