RE: Kisima cha kijijini, hela ya wafadhili wa Ujerumani tunaombaje?

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za huko mliko.

Dada uliyeuliza kuhusu kisima cha kwenu Arumeru, Tanzania, nimesoma majibu yote na naona watu wanakimbilia fomu tu, wakati fomu ndo sehemu rahisi. Kwa huku Ujerumani mnaandikisha chama kiwe e.V., yaani chama kilichosajiliwa rasmi, mkiandikisha muwe wanachama 7 au zaidi, halafu Finanzamt, ofisi ya kodi, iwakubali kama chama cha manufaa ya jamii ili wanaochangia wapate nafuu ya kodi. BMZ, wizara ya maendeleo ya Ujerumani, kwa mashirika binafsi inachangia mpaka asilimia 75 ya gharama za mradi, zilizobaki mnahangaika wenyewe, yaani mradi wa yuro 40,000 mjue 10,000 lazima mzitafute. Na wanataka mshirika wa kule nyumbani aliyesajiliwa, akaunti ya kaka yako haitakubalika hata kama ni mwaminifu vipi.

Sasa kabla ya yote hayo, pimeni maji!! Huko chini ya Mlima Meru floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, iko juu sana, nyie wenyewe mnajua yale meno ya kahawia ya watoto, na ikizidi zaidi inakula mifupa, miguu inapinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukichimba bila kujua hilo utakuwa umewaletea watu sumu ya taratibu kwa hela ya mfadhili, na bango lenye bendera mbili juu yake. Kuna kituo cha utafiti Ngurdoto wanaochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, waulizeni mapema, maana chujio nalo ni gharama na mkaa unachoka inabidi ubadilishwe, kwa hiyo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

La pili ni mwenye maji nani. Nendeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, hawa ndo wanasimamia maji vijijini tangu 2019, wawaambie kijiji kiko chini ya chombo gani cha watumia maji, na kibali cha kuchimba kinatoka bodi ya maji ya bonde, kwenu ni Bonde la Pangani. Msimwachie mwenyekiti wa kijiji peke yake aahidi kila kitu kwenye simu. Nimeona pampu ya mkono imesimama katikati ya kijiji, mpini hakuna, mbuzi wamefungwa pale, kilichoharibika ni mpira mdogo wa ndani ambao hakuna aliyejua unauzwa wapi. Inauma sana kwa kweli, kina mama wanapita hapohapo na ndoo kwenda mtoni.

--

Kaka asante sana. Ila wazee kijijini wanasema maji ya msaada yawe bure, wakilipishwa watasusa. Tufanyeje?

--

Dada, nawaelewa wazee, wamekulia kwenye maji ya bure. Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa maji vijijini mwaka 1971, miaka 20 kila kijiji kiwe na maji karibu, na wafadhili wakagawana mikoa, Wafini wakachukua Mtwara na Lindi na pampu zao za mkono za Nira, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi Kanda ya Ziwa. Kazi kubwa ilifanyika tusiwakosee adabu, ila dizeli na vipuri vilitegemea hela ya serikali, hela ilipokauka mashine zikanyamaza, na ndo maana Sera ya Maji ya 2002 ikaweka wazi kwamba wananchi wachangie uendeshaji.

Kwa hiyo itisheni mkutano mkuu wa kijiji KABLA ya kuomba hata senti, bei ya ndoo wapange wao, wazee wasiojiweza na wagonjwa wasamehewe kwa majina yanayosomwa mkutanoni, akaunti iwe ya chombo cha maji na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria uambatanishe kwenye maombi yako, wenzetu wa huku wanauangalia sana. Mkutano ukikataa kabisa kulipia basi subirini kwanza, msichimbe.