Tupeane uzoefu: kufundisha vijana wa mjini kilimo na chakula baada ya saa za shule

Bustani_ya_Jioni

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tano nikisimamia vijana wa miaka 11 hadi 16 wanaokuja bustanini wakitoka shule, mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Wote ni watoto wa ghorofani. Nimefungua uzi huu kwa sababu miongozo ninayosoma inaniambia nipande nini na lini, ila haigusi kinachonisumbua kila msimu: wanaanza thelathini, mavuno yakifika wamebaki kumi na wawili.

Naanza na langu. Mwaka wa kwanza nilipanda nyanya peke yake. Nyanya ina wiki sita hivi za kitalu, kisha siku 60 hadi 80 tangu kupandikizwa mpaka ya kwanza iive. Mtoto wa miaka 12 hakusubiri, na sikumlaumu. Mwaka wa pili nikatanguliza figili: mbegu inachomoza ndani ya siku tano, na kati ya siku ya 25 na ya 30 anang'oa, anaosha, anatafuna. Mbegu za nyanya tunazisia siku hiyohiyo, kwenye trei za pembeni. Wakimaliza kula figili wanakuta miche ya nyanya iko karibu kuhamishwa, na sasa wana sababu ya kuamini kwamba kitu kilichofukiwa kinarudi.

Waliobaki mwaka huo waliongezeka, lakini bado nawapoteza wengi, hasa wakubwa. Ninyi mlianzaje? Tuelezane na yaliyoharibika.

Sufuria_Kubwa

Mkuu, walishe kwanza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nilichukua mwaka mzima kuliona.

Saa kumi jioni kijana ana njaa. Wengine wamekula mchana kidogo, wengine tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni. Sisi tulikuwa tunaanza na jembe, jikoni tunaingia mwishoni kama zawadi. Kila siku ugomvi: huyu kamwagia mwenzake maji, yule kakaa chini hataki kuinuka. Tukadhani ni utovu wa nidhamu. Tulipogeuza ratiba, jikoni dakika ishirini za mwanzo, supu ya maboga au maharage yaliyopikwa jana yake, ugomvi ulikwisha ndani ya wiki mbili.

Na kule jikoni ndiko somo lilipo. Chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nyingi kabla ulimi haujakizoea, mara nane, kumi, hata kumi na tano, kwa hiyo mtoto anayekataa mara ya pili hajamaliza kuamua. Utaratibu wetu: onja kidogo, ukishindwa tema kwenye karatasi, na hakuna wa kukucheka. Nina kijana aliyetema spinachi muhula mzima. Wiki ya kumi na moja alisogeza sahani aongezwe. Sikusema neno, nilimwongeza tu.

Lililoharibika, kwa kuwa umeliuliza: maharage mekundu. Msaidizi wetu aliyaacha kwenye moto mdogo kwa saa nyingi bila kuyatokosa. Vijana watatu walitapika usiku huo. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga yale maji, weka mapya, yatokote kwelikweli dakika 10 kwa uchache (sisi tunakwenda 30), ndipo upunguze moto. Nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja wa wale watatu kuwaomba radhi wazazi. Tangu siku hiyo ndilo somo letu la kwanza la mapishi, na vijana wenyewe ndio wanaoshika saa.

Ghorofa_ya_Nne

Langu ni fupi. Kama bustani yenu iko juu ya paa, mwiteni mhandisi kabla ya udongo kupanda ngazi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tuta la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 20, udongo ukishalowa, linafika kilo 300 hadi 400. Sisi tulishajaza matuta sita ndipo akaja mtu anayejua, akatuamuru tuyashushe yote siku ileile. Vijana waliokuwa wamebeba udongo ule kwa mabega walilia mbele yangu.

Tulirudi baadaye na ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, tukazipanga pale tu alipotuonyesha, juu ya kuta zinazobeba. Mche mmoja wa nyanya kwa ndoo. Zinahitaji jua la saa sita hadi nane, kwa hiyo upande wenye kivuli tuliweka mboga za majani, zinavumilia jua la saa tatu au nne.

Jembe_Dogo

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 17. Nilianza klabu ya bustani nikiwa na 11, sasa ni msaidizi, kwa hiyo naomba niseme upande wetu.

Nilibaki kwa sababu nilipewa tuta langu na nikaachwa nilikosee. Sikutaka kupunguza miche, niliona huruma kung'oa kitu kilichoota kwa mkono wangu. Figili zikasongamana, zikawa majani matupu, chini mizizi kama nyuzi. Msimamizi alikuwa ameona tangu wiki ya kwanza. Alisubiri mpaka mavuno, akakaa karibu nami, akaniuliza, "Unadhani zilikosa nini?" Angenikosoa mapema ningemsikia, ila nisingeelewa.

Nikiwa na miaka 14 nilikaribia kuondoka. Nilikuwa nafanya kazi zilezile za watoto wa miaka 11, kumwagilia na kung'oa magugu. Kilichonirudisha ni daftari la mauzo: nikawa napima mazao kwenye mizani, naandika kilichouzwa na kilichokwenda jikoni, na nikapewa watoto wanne wa kuwafundisha. Bustani_ya_Jioni, nadhani wakubwa wako wanaondoka kwa sababu hiyo. Hawajachoka udongo. Wamechoka kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila mwaka.

Jingine, tafadhali: msiifanye palizi kuwa adhabu. Shuleni kwetu aliyechelewa alipewa jembe. Ilinichukua muda kushika jembe bila kujisikia nimekosa.

Na kama mnataka kuwateka kwa siku moja, ng'oeni shina la maharage taratibu, muwaonyeshe vinundu kwenye mizizi. Kikate kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha waridi ndani, bakteria walio humo wako kazini, wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa mbolea ya mmea. Mimi hapo ndipo nilipopenda biolojia.

Udongo_Kwanza

Vijana wanashika udongo wa mjini, na hakuna aliyeuliza udongo huo umepitia nini. Naomba tulitazame hili.

Petroli yenye madini ya risasi ilitumika kwa miongo mingi, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Risasi iliyokwisha kutua ardhini haiozi wala haiishi. Ongeza rangi za zamani zinazobanduka ukutani na betri zilizovunjwavunjwa uwanjani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na njia kubwa ni mkono kwenda mdomoni.

Pimisheni udongo kabla ya mbegu ya kwanza. Mkiwa mnasubiri majibu, pandeni kwenye matuta ya kuinuliwa yenye udongo mlioleta kutoka mahali salama. Mboga za mizizi na majani yanayogusa ardhi ndizo zinazobeba vumbi zaidi, matunda kama nyanya hubeba kidogo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na viatu vya bustani vibaki mlangoni. Sufuria_Kubwa, ratiba yako ya kula kwanza naiunga mkono kwa sababu hii pia: wanakula mikono ikiwa bado safi.

Bustani_ya_Jioni

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jembe_Dogo, marahaba, umenipa jibu nililolitafuta miaka mitano. Wiki hii nawakalisha wakubwa wangu niwaulize nani anataka daftari.

Swali moja bado: likizo ndefu mnafanyaje? Mimi narudi nakuta kila kitu kimekauka.

Zamu_ya_Maji

Sisi tunaigawa likizo kwa familia. Kaya mbili kwa kila wiki, na kinachoiva wiki hiyo ni chao, wasiombe ruhusa. Kabla ya kufunga tunatandaza nyasi kavu unene wa sentimita tano hadi nane, na tunafukia vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, shingo tu ikibaki juu. Ukivijaza, maji hupenya ukutani polepole kuifuata mizizi, na huhitaji kuja kila siku.

Faida ambayo hatukuitarajia ni wazazi. Mama mmoja alikuja kwa zamu akakuta maua ya maboga yanapukutika bila kuzaa, maana nyuki kwetu ni wachache. Alikuwa anajua kuchavusha kwa mkono tangu utoto wake. Sasa ndiye mwalimu wetu wa maboga.

Jembe_Dogo

Anatumia brashi?

Zamu_ya_Maji

Ua lenyewe. Asubuhi mapema, kabla hayajafunga. La kike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, dume lina kikonyo kitupu. Unachuma dume, unaondoa petali, unalipapasa katikati ya la kike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu.