Lushoto siku tatu na bibi na watoto: tupange vipi kutoka Tanga?

Mwana Raskazone

Waungwana hamjambo. Tunataka kupanda Lushoto Ijumaa, tulale siku mbili, Jumapili turudi. Tuko sita: watu wazima watatu, mmoja wao mama mkwe wa miaka 68 mwenye magoti mabovu na dawa za presha, na watoto wa miaka 11, 7 na 3. Huyo wa 7 hutapika garini. Hatutafuti starehe za usiku, tunataka baridi na utulivu. Tukodi Noah au tupande basi? Mwezi wa sita unafaa? Na kijiji cha Mtae, ng'ambo ya Lushoto, tunaweza kufika?

Usukani wa Mombo

Kodini gari. Basi la kutoka stendi ya Kange litawafikisha, lakini basi halisimami kila mtoto anapojisikia vibaya, na bibi atakaa amekunja magoti kwa saa nne.

Mpaka Mombo ni barabara kuu, haina shida. Kazi inaanzia pale. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, na ndani yake mnapanda karibu mita 1,000. Kona zinafuatana, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Piga honi kwenye kila kona usiyoona mwisho wake, maana lori la mboga linaloshuka huhitaji barabara nzima ili lipinde. Wakati wa kupanda angalia mshale wa joto la injini. Ukianza kupanda juu, zima kiyoyozi, tafuta sehemu pana uegeshe. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi ipoe kabisa, maji yake yana mgandamizo na yanaunguza uso.

Kushuka Jumapili ndiko kunakotaka akili zaidi. Noah nyingi ni za otomatiki na watu huiacha kwenye gia ya D, kisha wanakanyaga breki kuanzia Lushoto hadi Mombo. Breki ikishikwa mfululizo hupata moto, mafuta yake yanachemka na kutoa mapovu, kanyagio linazama na gari halisimami. Weka gia ndogo, 2 au L, injini ndiyo ishike gari, breki ukanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona kisha uachie. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni nusu saa. Msimwagie maji magurudumu, diski ya moto ikipata maji baridi hupinda au kupasuka.

Tokeni Tanga saa 12 asubuhi ili mpande mlima mchana kweupe. Jioni ukungu unaweza kushuka hadi msione kona inayofuata. Na mkubaliane na mwenye gari kabla ya safari kwamba mtaikagua wenyewe: pedi za breki, tairi, maji ya rejeta, taa za ukungu. Akikataa, tafuteni gari jingine.

Bi Muheza

Kwa watu wa Tanga mjini nashangaa Amani haitajwi. Mnakata kona Muheza tu. Ni msitu wenye hifadhi tangu 1997, na kuna miti ya bustani ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Watoto wataona mdalasini na iliki vikiwa mashambani, si kwenye pakiti ya dukani.

Mkaazi wa Magamba

Dada Muheza, Amani ni pazuri sana, na mtoto wa miaka 11 angeifurahia. Ila iko chini, kama mita 900, kwa hiyo baridi wanayoitaka hawataipata ya kutosha. Njia yake ya udongo ikinyeshewa inataka gari la juu, na uzuri wake uko kwenye kutembea msituni. Kwa magoti ya bibi naunga mkono Lushoto.

Mwezi wa sita unafaa, kwa sababu masika yameisha na njia zimekauka. Lakini ni baridi, si ya kubahatisha. Kila mita 100 mnazopanda, joto hupungua kama nyuzi 0.6. Lushoto iko mita 1,400 hivi, kwa hiyo ni nyuzi 8 au 9 chini ya Tanga, na usiku wa Juni au Julai unaweza kufika nyuzi 10. Kila mmoja awe na sweta nzito, soksi na kitu cha kufunika masikio. Wa miaka 3 abebewe suruali mbili za kulalia, maana akilowesha moja usiku, haitakauka hadi asubuhi.

Mnapopiga simu kuweka chumba, msiulize tu kama pana maji ya moto. Ulizeni yanatoka kwenye hita ya umeme, ya jua au yanachemshwa kwa kuni, na ni saa ngapi. Hita ya jua siku ya mawingu hutoa maji vuguvugu tu. Ulizeni pia idadi ya ngazi hadi chumbani, kwa kuwa nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko. Bibi apewe chumba cha chini chenye choo ndani.

Mtae acheni. Ni mbali kupita kiasi kwa mtu aliyetoka kupanda kutoka Mombo jana yake, na njia ya udongo itamtesa huyo anayetapika. Ijumaa pumzikeni. Jumamosi nendeni Irente, kilomita chache tu kutoka mjini. Gari linafika karibu, bibi hatembei sana, na kutoka ukingoni mnaiona tambarare ya Mazinde iko chini kabisa. Ule ni mwamba unaokatika wima, kwa hiyo wa miaka 3 ashikwe mkono tangu anaposhuka garini hadi anaporudi. Hapo jirani, shamba la Irente hutengeneza jibini, mkate na jemu. Nunueni kisha mle nje. Maporomoko ya Soni mtayapitia njiani, yatazameni kutoka juu, mawe ya chini yana utelezi. Msitu wa Magamba unaweza kumfaa wa miaka 11 na baba yake kwa saa mbili, pamoja na mwongozaji: kuna mbega wa rangi nyeusi na nyeupe, na vinyonga.

Matunda msinunue njiani kwa pupa. Sokoni Lushoto mtapata plamu, mapeasi na fyulisi kwa msimu wake, lakini Juni si msimu wa plamu, msije mkalaumu wauzaji.

Mwana Raskazone

Asanteni sana. Tukipika wenyewe kuna la kujua? Na tunaweza kuazima jiko la mkaa la kupasha chumba?

Mkaazi wa Magamba

Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu anafia usingizini. Ombeni blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto miguuni.

Kupika: maji huchemkia nyuzi 95 hivi huku juu, kwa hiyo maharage yanachelewa. Yalowekeni usiku kucha na mwongeze muda. Chupa za shampuu na dawa za maji zifungeni ndani ya mfuko, hewa iliyomo hutanuka wakati wa kupanda na huvuja.

Dawa Baridi

Kwa wa miaka 7: asubuhi mkate mkavu au mhogo wa kuchemsha, si maziwa wala chapati za mafuta. Akae siti ya katikati aone mbele, simu iwekwe mbali. Dawa ya kichefuchefu mfamasia aipime kwa uzito wake, apewe mnapofika Korogwe, si Mombo, maana inachukua kama nusu saa au zaidi kufanya kazi. Bebeni kopo lenye mfuniko la kutapikia.

Masikio huuma zaidi kushuka. Wa miaka 3 msimwache alale kuanzia Soni kwenda chini, apewe maji kidogo kidogo ameze. Peremende msimpe, ataweza kupaliwa kwenye kona. Bibi ameze dawa zake za presha kama kawaida, mita 1,400 hazimdhuru, na zikae kwenye mkoba wake mwenyewe, si buti ya gari.